Baada ya Z

Toleo ni lile lile, tarakimu kwa tarakimu.
Leelo amelilinganisha mara tatu, kahawa ikapoa mara tatu.
Programu huria, haina pazia:
kila mstari unasomeka na yeyote mwenye macho na subira.
Basi kwa nini seva ya Viljandi inawajua wasomaji wote wa maktaba,
na hii yetu ya Võru inasahau baadhi?

Haizimiki. Haipigi kelele.
Inasahau kwa adabu.

Uibo, mfuga nyuki, alirudisha kitabu
akaambiwa hajawahi kuazima.
Bi Tarvas, miaka thelathini akifundisha hesabu,
akaambiwa hayupo.
"Nipo," akasema, akigonga meza kwa ufunguo wa baiskeli.
"Nihesabu tena."

Tulishuku diski. Tulishuku kumbukumbu, waya,
hata baridi inayopenya dirisha la chumba cha mitambo.
Leelo akaandika waliopotea nyuma ya bahasha:
Tarvas, Uibo, Vaher, Õunapuu.
Akayasoma majina kwa sauti. Akanyamaza.
Kisha akaanza kughani alfabeti kama mtoto wa darasa la kwanza,
R, S, Z, halafu T,
nami nikahisi masikio yakiwaka moto.

Maana huku kwetu Z haifungi mlango.
Imeketi katikati ya safu, T iko mgongoni mwake,
na nyuma ya T ukoo mzima.
Lakini mtu wa mbali, mwema, aliyetoa kazi yake bure,
aliandika: chukua majina, A hadi Z,
akidhani amemkumbatia kila mtu.

Viljandi walisakinisha mbiombio, hawakuchagua lugha;
mtambo wao haujui Kiestonia, kwa hiyo haukukosea.
Mimi nilichagua. Usiku wa Februari, kwa fahari,
niliiambia mashine: wewe ni wa hapa, panga kama sisi.
Ikatii.
Heshima yangu ndiyo iliyomfungia nje mwalimu wangu.

Leelo hakugusa chaguo langu.
Alirekebisha mstari ule mmoja, akampelekea yule wa mbali
pamoja na maelezo mafupi, bila kejeli.

Saa tatu asubuhi nikapiga simu.
"Bi Tarvas, upo."
"Najua," akajibu. "Na faini je, ipo?"