Mvua ya Mawe

Nilipanda treni ya alfajiri kutoka Lisbon
na begi moja, kompyuta mbili, mkataba wa wiki sita:
kuufundisha mfumo kazi ya watu wanne
katika kampuni ya vizibo vya mvinyo, huko Lamas,
mji ambao hata vumbi lake ni gome la mwaloni.

Watatu walikuwa wamekwisha kuaga.
Alibaki Idalina Quaresma, mhasibu wa madeni,
miwani shingoni, sweta ya kijivu kwenye kiti
hata Julai.
"Kumbe ndiye wewe," akasema.
Nikasema ndiye. Akanimiminia kahawa.

Mfumo hauchoki, sitausingizia.
Ankara zilizokuwa zikilala mezani siku tisa
zikawa zinaamka, zinanawa uso,
zinalipwa kabla ya chakula cha mchana.
Ulisoma mwandiko wa madereva wa malori,
ukaijua saba ya Mhispania na saba ya Mfaransa,
ukajibu barua za Bordeaux kwa adabu kunishinda.
Bwana Teotónio, mkurugenzi, alipanda kila jioni
kuutazama, mikono nyuma,
kama mtu aliyenunua farasi.

Wiki ya tano nikaulisha daftari za miaka kumi na tisa,
ujue nani hulipa na nani hupiga chenga.
Nikaufungulia na madirisha ya nje:
bei za soko, sikukuu, kumbukumbu za hali ya hewa.
Asubuhi nikakuta mistari arobaini na mmoja, myekundu.

Yote ya mteja mmoja.
Felisberta Antão, mjane, hekta tatu za mizabibu
kwenye mteremko juu ya mto Douro.
Kila ankara imechelewa. Kila faini imefutwa.
Na kwenye kisanduku cha sababu, mkono uleule,
mwaka nenda mwaka rudi: mvua ya mawe.
Mvua ya mawe. Mvua ya mawe.
Chini yake mfumo umejibu:
Siku hiyo haikunyesha.
Siku hiyo kulikuwa na jua, nyuzijoto thelathini na nne.
Siku hiyo haikunyesha.

Nilifunga mlango, nikamwonyesha.
Hakuvaa miwani.
"Mwaka wa kwanza ilinyesha kweli," akasema,
"mawe kama mayai ya njiwa, ikazila zabibu zote.
Mwaka wa pili ilimwangukia mumewe, kifuani.
Halafu ikaja zamu ya mwana,
aliyekwenda Uswisi akanyamaza.
Kisanduku chenu kina nafasi ya herufi ishirini.
Ningeandika nini?"

"Dawa ya deni kulipa," nikasema, kwa kukosa la kusema.
"Na amelipa. Tazama. Senti kwa senti,
ila kwa saa yake."
Kweli, safu ya mwisho ilikuwa sifuri tupu,
kutoka juu hadi chini.
Mfumo uliona kuchelewa;
kuhusu kufika, hakuna aliyeuuliza.
Sikuuuliza.

Kwenye ngazi tukasikia viatu vya bwana Teotónio.
Kando ya kila mstari mwekundu palikuwa na kitufe:
Fafanua.
Ndivyo nilivyoujenga mwenyewe,
ukishindwa kuelewa, umuulize mtu.
Vidole vyangu vilikuwa juu ya kibodi, vimelowa.
"Niandike nini?" nikamuuliza,
mimi niliyelipwa kujua.

Idalina akaichukua sweta kitini, akaivaa,
ingawa dirishani anga lilikuwa jeupe kwa joto.
"Andika," akasema, "kwamba kipimo cha mvua
kiko mbali na shamba."

Niliandika.
Mfumo ukanishukuru,
kisha ukauliza: mbali kiasi gani?