Usikaze Kwanza

Springi zimerudi kutoka Gerezani
zimefungwa waya kama mzigo wa kuni,
majani matano kila moja, meusi,
yananuka moto na oili chafu.
Makwaya amezipiga nyundo siku mbili
mpaka zikakumbuka kupinda.

Datsun ya baba iko juu ya magogo, Keko,
makalio hewani, haina aibu.
Fundi Kondo amelala chini yake juu ya kipande cha boksi;
naona miguu tu, na kandambili moja.
"Dada, nipe kumi na saba."
Nampa kumi na tisa. Anairudisha bila neno.

Miaka ishirini na mbili gari hili liliinama kushoto.
Mlango wa nyuma wa kulia ulikwama nikiwa darasa la pili,
basi kila kitu kikaingilia kushoto, kikakaa kushoto:
kreti za soda za mama,
gunia la mchele wa arusi ya Zaituni,
bibi na magoti yake,
shemeji Pazi siku ile ya Muhimbili,
aliyekwenda ameketi
akarudi kwa gari jingine.
Sisi hatukuhesabu. Chuma kilihesabu.

Jicho la mbele kwanza; bolti inaingia kwa kubembelezwa.
Kisha la nyuma, kwenye shakli,
bushi mpya zimepakwa sabuni ya mche ziteleze.
Chande anapampu jeki ya ekseli,
juu, chini, chini tena kiasi cha unywele,
mpaka kichwa cha sentabolti kikaona tundu lake
kikazama: tk.
Kondo anacheka peke yake huko chini.

Yubolti nne. Sasa spana ninayo mimi,
na nataka kukaza, kukaza kila kitu mpaka kilie,
kama nilivyokaza midomo hadi arobaini ya baba.
Mkono wenye grisi unatoka uvunguni, unashika wangu.
"Hizo za ekseli, sawa. Za machoni usikaze kwanza.
Ukizikaza gari linaning'inia,
siku likishuka mpira utajisokota, utachanika.
Acha libebe uzito wake.
Ndipo ukaze."

Tunalishusha.
Limesimama wima, refu,
kama mtu aliyeazima viatu vya harusi.
Nakaza.

Kwenye tuta la Chang'ombe, lile lile,
nangoja mgongo wa gari ugonge. Kimya.
Barabara imenyooka, usukani umenyooka;
mwili wangu ndio umeegemea kulia,
unalipa deni lililokwisha lipwa.

"Jumatatu ulete," alisema Kondo akinawa kwa petroli,
"zitakuwa zimelegea. Si ubovu,
zinazoeana tu. Tutakaza tena."

Nimefika nyumbani. Nimezunguka gari mara mbili,
nimeujaribu mlango wa kulia.

Bado.