Kiti cha Tatu Kutoka Dirishani

Kwa miaka kumi na tisa kilikuwa changu,
kiti cha tatu kutoka dirishani, ukumbi wa baraza la mji,
chenye bamba la shaba: WAANDISHI.
Mlinzi alinijua kwa kikohozi.
Meya alinijua kwa jina, na kila Krismasi
jina hilo lilipokea chupa ya divai ambayo sikuirudisha.
Liandikwe na hilo.

Mwezi Machi gazeti lilifungwa.
Mhariri alituita sisi sita tuliosalia,
akatugawia samani kama anayegawa mirathi.
Nilipata kiti chenye magurudumu.
Nikakisukuma kando ya Danubi hadi nyumbani,
barafu ya mwisho ikilalama chini yake.

Nikafungua blogu.
Dada yangu Tsvetelina alicheka hadi akakaa chini:
"Wewe? Pamoja na wale wapayukaji wa usiku?"
Nikaandika jina, Radostina Velkova, kisha cheo,
kisha nikakifuta cheo.
Nyumba imeshabomolewa, mimi bado nabisha hodi.

Siku ya kikao, kitini pangu palikuwa na mtu.
Zhivko Dimchev, fundi wa lifti,
grisi imelala katika mistari ya viganja,
kompyuta yake imeshikizwa kwa gundi ya karatasi.
Miaka minne analiandika baraza hili baada ya zamu,
bila mshahara,
bila herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi.
Chumba cha habari tulimsoma kwa sauti ili tucheke:
meya ni mwizi, ushahidi ni pua yake.

Hakuinuka. Alisogea tu.
"Kaa," alisema. "Bamba halisemi waandishi gani."

Diwani akasoma ripoti: lifti arobaini,
mtaa wa maghorofa nyuma ya kiwanda cha sukari,
zote zimekarabatiwa, leva laki tatu na ushei.
Zhivko akaguna.
"Vile vyumba vya mitambo nina funguo zake.
Ishirini na saba hazijaguswa.
Vumbi halisemi uongo."
Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nikamshika kifundo cha mkono, mimi, nisiyemjua.
"Mkataba umeuona? Mkandarasi umempigia?"
"Lisemwalo lipo."
"Na lisipokuwapo, jina la mtu limeshapita matopeni,
nani atalifua?"

Akanitazama kama anavyotazama, nadhani, waya uliokatika.
"Lile daraja," alisema. "Mwaka ule lilipopasuka.
Nyinyi mlijua."

Tulijua. Nilikuwa na karatasi mbili, sahihi tatu,
na mhariri aliyezitia drooni
kwa sababu ya tangazo la ukurasa mzima.
Nilikohoa. Mlinzi akageuka.

Hatukupeana mikono wala nini.
Yeye alileta funguo, mimi nikaleta namba za simu.
Mkandarasi alikata mara mbili; ya tatu akatukana,
nikayaandika matusi yake na saa aliyoyatoa.
Usiku ule Zhivko hakuchapisha. Ilimuuma, nikaiona.
Wasomaji wake elfu nne walimngoja;
wangu walikuwa sitini na mmoja,
na huyo mmoja ni Tsvetelina.

Asubuhi tukaenda jengo la kwanza.
Mlangoni pa lifti, kibandiko kipya: IMEKARABATIWA.
Ndani, giza, na kitufe kinachobonyea bila kurudi.
Tukapanda kwa miguu.
Ghorofa ya sita tukamkuta Bibi Stoyanka
amekalia gunia lake la viazi,
akihesabu pumzi, si ngazi.

"Nyinyi ni wa gazeti gani?"

Zhivko akanitazama.
Nami nikamtazama Zhivko.
Kisha akajitwika gunia,
mimi nikachukua fimbo na mkoba wa bibi,
zilibaki ghorofa tatu,
na hakuna kati yetu aliyekuwa na pumzi ya kujibu.