Kadibodi Chini ya Injini

Usiku wa nane sasa Nélida anatandika kadibodi
chini ya Renault 12, kama anayemtandikia mgonjwa shuka,
na asubuhi anapiga magoti kuhesabu madoa.
Kumi na moja.
Juzi yalikuwa tisa.
Haba na haba, na kibaba kimekwisha kujaa,
mafuta yameanza kutafuta njia kuelekea maua ya jirani.

Julai ya Tacuarembó haina huruma na vidole.
Spana zimelala nje, zinauma zikishikwa.
Shemeji yake Waldemar amekuja na chupa ya maji moto,
kibuyu cha yerba, na ushauri:
"Liuze kwa Olivera, apime kilo za chuma."
Nélida hajibu. Ana bolti mbili mdomoni.

Radieta imetoka. Feni imetoka. Mkanda pia.
Puli imeng'ang'ania hadi saa sita,
ikatoka ghafla, ikamkalisha chini.
Na nyuma yake, sili:
pete nyeusi ya mpira, imekauka,
imekuwa kama ganda la chenza lililosahauliwa dirishani.
Anaibandua kwa bisibisi iliyovikwa kitambaa,
taratibu,
maana mkwaruzo mmoja tu na kazi yote ni bure.

Ndipo kidole kinaona ambacho jicho lilikikosa:
mfereji,
mwembamba kama uzi wa kushonea,
umeizunguka shafti ya krenki pande zote.
"Nani kachonga?"
"Mpira."
Waldemar anacheka. Mpira ule chuma?
Anavua glavu, anapapasa,
kicheko kinamwishia kooni.

Mdomo laini, palepale, mwaka baada ya mwaka,
tangu gari likiwa la daktari wa ng'ombe.
Nélida anaikumbuka meza ya posta,
miaka ishirini na sita ya "saini hapa, tafadhali",
na kibonde kilichobaki kwenye mbao ya mninga
pale alipoegemeza kiwiko.
Mrithi wake, kijana, huweka humo klipu za karatasi.

Sili mpya anaipaka mafuta ukingoni,
anaipigapiga kwa kipande cha bomba na nyundo ya mbao,
huku, kule, huku, kule,
isiende upande.
Kisha anaacha.
"Haijafika mwisho," asema Waldemar.
"Najua."
Milimita mbili nje ya mfereji,
mdomo mpya ukae juu ya chuma
ambacho hakijawahi kulambwa.

Asubuhi kadibodi ina doa moja.
Moja!
Anaweka goti, anachovya kidole, ananusa.
Utamuutamu. Kijani.
Si mafuta hata kidogo, ni maji ya radieta.
Klipu ya hosi, ile aliyoachiwa Waldemar akaze
huku akinywa yerba.
Nélida anaingia ndani kutafuta bisibisi,
na, njiani, simu.