Bushi za Gari Gani?

Saa nane usiku, Kilimani, ghorofa ya nne.
Jenereta ya jirani imechoka kunguruma
na mimi nimekaa na kosa langu.

Juzi nilijaribu msimbo. Kujaribu tu.
Kijenzi cha malipo kikaomba Mtumaji,
kasha likakipa Mtumaji, yule wa kweli,
kwa kuwa hakuna aliyeliambia wako wawili.
Wateja mia tatu na kumi na wawili wakaamshwa:
"Mpendwa JINA, deni lako ni shilingi sifuri."
Mmoja, wa Kayole, akajibu:
"Asante sana. Nani amenilipia?"

Asubuhi yake nilikuwa Barabara ya Kirinyaga,
nimetumwa spea za gari la shemeji.
Kalondu yuko kaunta, kalamu sikioni.
"Nipe bushi," nikasema.
Hakuinua mkono.
"Za gari gani? La mwaka gani? Mbele au nyuma?
Na wewe ndiye fundi, au umetumwa?"
Nyuma yake rafu hadi darini, bushi elfu,
zote zinaitwa bushi.
"Nikikupa ya kukisia, dada,
kesho utanirudishia imejaa grisi."

Basi usiku huu nalifunza kasha kutokuwa jepesi wa mkono.
Mistari kumi na mmoja, hakuna zaidi.
Anayeomba ni nani?
Akiwa jaribio, mpe Mtumaji bubu,
yule anayepokea ujumbe akaukalia.
Akiwa malipo, na yuko kazini kwelikweli,
mpe mwenye sauti.
Usipomtambua, usibahatishe:
anguka papo hapo, kwa kelele,
hapa mezani pangu,
si kwenye simu ya mtu aliyelala.

Bwana Cheruiyot alinuna. "La kawaida lina kasoro gani?
Miaka miwili limejitafutia lenyewe, lina akili."
Halina akili, bosi. Lina utii.

Nabonyeza. Kijani.
Bubu amemeza zote mia tatu na kumi na mbili,
na mji haukupepesa jicho.

Natoa simu yangu mwenyewe,
naingiza namba ile ya Kayole,
naandika kwa kidole: Samahani, deni bado
kisha nasita.
Anayeandika hapa ni nani,
kampuni, au mimi?
Kidole kiko juu ya kioo.
Hakijashuka.