Eteri Alisimama Kando ya Nguzo

Hakuna aliyenipigia simu.
Nalisema hilo kwanza, maana hapa Kutaisi
watu huamini kila uongo una aliyeuagiza,
mwenye gari jeusi na walinzi.
Mimi nina baiskeli, nina kikombe kilichovunjika mkono,
na kazi ya kupanga ukurasa wa mbele
wa gazeti linalonuka wino na supu ya jirani.

Jumamosi ya pili ya Oktoba, mvua haijaamua.
Asubuhi Makvala alihutubia uwanjani, karibu na chemchemi;
jioni Vakhtang akahutubia palepale,
juu ya jukwaa lilelile, kwa vipaza sauti vilevile vya kukodi.
Nodar, mpiga picha wetu, akaniletea zote:
watu, miavuli, watu,
na mbwa mmoja aliyehudhuria mara mbili.

Nilianza na maneno. Maneno ni mepesi.
Makvala alisema barabara ya Tskaltubo itajengwa.
Vakhtang alidai barabara ya Tskaltubo itajengwa.
Barabara ni hiyo moja, na mashimo yake,
ila "alisema" humvutia mtu kiti,
na "alidai" humwacha mlangoni
kama aliyekuja kukopa.
Makvala alifafanua. Vakhtang alijitetea.
Makvala alitabasamu. Vakhtang alichekacheka.
Sikudanganya. Fungueni kamusi.

Kisha picha.
Ya Makvala niliibana mpaka mabega yakagusana.
Ya Vakhtang niliiacha ipumue,
mawe matupu ya uwanja yakitanda mbele,
na kushoto, palipojaa watu, nikakata.
Safu ilikuwa nyembamba.
Safu huwa nyembamba ninapotaka.

Ng'ambo ya mto Rioni, gazeti lao lilimpa Vakhtang umati usio na mwisho,
na Makvala wakamtoa mdomo wazi,
katikati ya chafya.
Nililisoma nikinywa chai.
Nikasema: hawa watu hawana haya.

Jumatatu akaja Eteri.
Huuza kokwa za jozi zilizotungwa uzini
na kuchovywa katika uji wa zabibu, kona ya soko.
Miaka sabini na mmoja, goti moja halimtii.
Alikuwa amenunua nakala tano,
moja ya kumpelekea binti yake anayelea wazee Thesaloniki,
kwa kuwa alimwona Nodar akielekeza kamera
naye akawahi kukaza kilemba chake cha buluu.

Akazitandaza zote tano mezani kwangu,
kana kwamba mojawapo ingemkumbuka.
"Nilikuwa hapa," akasema,
na kidole chake kikatambaa juu ya picha,
kikavuka ukingo wa karatasi,
kikatua kwenye mbao za meza yangu.
"Hapa. Kando ya nguzo."

Hakuniuliza namuunga mkono nani.
Hakuniuliza nani atashinda.
Aliuliza: "Kwani sikwenda?"
kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji mara ya pili.

Lisemwalo lipo, walituambia wahenga,
na kama halipo, laja.
Wahenga hawakupata kupanga gazeti.
Lisilosemwa nalo lipo:
lilisimama saa mbili kwenye manyunyu
likiegemea nguzo kwa sababu ya goti,
likarudi nyumbani kwa miguu,
likamwambia jirani, utaniona Jumatatu.

Nodar alimchapia picha nzima.
Akaitazama kwa muda mrefu.
"Kumbe na mbwa yumo," akasema, akaikunja.

Wiki iliyofuata niliandika "alisema" mara kumi na nne,
saba kwa huyu, saba kwa yule.
Picha zote mbili nikazipima kwa rula.
Mhariri mkuu alisema ukurasa umepooza,
na kweli ulipooza, kama uji wa jana;
wasomaji wetu wengi walivuka daraja
kutafuta chafya.

Eteri alinunua nakala moja.
Nilimwona sokoni akiigeuza polepole, mbele, nyuma,
akisoma mpaka kwenye ukingo.
Kisha akafungia kokwa zake.