Samaki wa Birika

Mfereji wetu wa Langoni hukohoa saa tisa usiku,
hutema kutu, hutema mchanga wa Shela,
ndipo maji yaje, membamba kama uzi wa kofia.
Mama huwa keshaamka.
Hukinga kiganja, huonja, hutema.
"Mai haya yana munyu," husema,
kisha hujaza ndoo zote saba.

Jumanne, kwa saa hiyo hiyo, akaja Famau wa afya
na chupa ya kizibo cha buluu.
Akauchoma mdomo wa bomba kwa kiberiti,
akakinga, akaandika jina la mama, Mwanashee,
akakosea herufi moja.
"Yaenda Mombasa. Majibu ni wiki tatu."
"Na wiki tatu hizo tunywe nini?"
Famau akatazama viatu vyake.
"Chemsheni."
Mama akalitazama gunia la makaa,
lililosinyaa pembeni kama mzee wa homa.

Birikani kuna samaki wanne,
wadogo, wa tangu enzi za bibi,
kazi yao kula viluwiluwi vya mbu.
Mama akamteka mmoja kwa kata,
akamtia kwenye bakuli la maji ya bomba.
Tukachutama kumwangalia,
hata Famau, aliyesahau kuondoka.
Akazunguka. Akazunguka tena.
Adhana ya alfajiri ikaja, ikapita,
naye bado anazunguka.

Nikacheka, nikanyoosha mkono kwenye kikombe.
Mama akanipiga kikofi cha vidole.
"Samaki," akasema, "hajui kuhara."

Akawasha jiko.